Nyota za Malkia wa Mbale

Nalufenya, Jinja
7 Aprili 2025

Kaka Jamiru,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo. Mvua imeanza kwa fujo, ua wa nyuma umekuwa tope tupu, na mikeka ya akina mama imebidi tuilundike dukani kwangu, juu ya mashine ya kutoa nakala. Wateja wakija na vitambulisho vyao wananiuliza nani amefariki. Shamim wangu amepanda darasa na sasa ananizidi kimo. Baba mdogo Bakhit wa Kimaka anaumwa magoti, ulimi wake mzima. Anakusalimia na anauliza lile koti la Idi ulilipata wapi.

Siku hiyo ya Idi, mbele ya mke wako na mbele ya Mama, ulisema mimi kwenye simu ni wa kupiga kelele, na kwamba nikiwa na neno juu ya Peperusha niliandike kwenye karatasi na kutia sahihi. Haya, karatasi ndiyo hii. Nampa Obura wa lori la saruji akuletee.

Nianze mwanzo, usije ukasema nimegeuza maneno. Februari ulikuja kwenye chama chetu cha wasusi, wanawake thelathini na wawili, ukatuambia wewe ndiye wakala wa Peperusha kwa upande wote wa mashariki. Ulieleza kwamba mtu anaweka programu hiyo kwenye simu, anasambaza matangazo kwa jamaa na marafiki, na kila tangazo linampa nyota. Nyota zikijaa anapata vocha, sabuni au kilo ya sukari. Chama kitakuwa kinalipia matangazo ya mikeka na vikapu, na wateja watamiminika. Mwenyekiti wetu Docus akasema, "Kabla ya kupiga kura, Habibah aijaribu miezi mitatu, yeye ndiye anayejua kompyuta." Hukupinga. Ulicheka, ukaona kura umeshaipata.

Nimeanza. Jambo la kwanza programu hii ilitaka kitabu changu chote cha namba zilizomo simuni. Nikikataa, haifunguki. Nikakubali, maana ndiyo kazi niliyopewa. Jumatano niko sokoni, mke wa imamu akanipigia: "Habibah, umeona nini usoni kwangu hata uniletee mafuta ya chunusi?" Sikumtumia kitu. Kumbe ujumbe umetoka wenyewe, kwa jina langu, na umeanza na maneno "Mpenzi, nimekukumbuka." Mke wa imamu!

Nijibu swali moja tu. Peperusha inatuma yenyewe bila mtu kugusa simu, ndiyo au hapana?

Msalimie Mama.

Habibah

*

Namakwekwe, Mbale
2 Mei 2025

Habibah,

Waleikum salaam. Hapa wote wazima. Mama anakula vizuri, nimemnunulia simu ya kugusa na ameizoea kuliko wajukuu. Anauliza kwa nini akikupigia inalia mara moja halafu inakatika. Mlima Wanale una ukungu kila asubuhi na watoto wanakohoa. Obura alikaa na barua yako siku tisa, kwa hiyo usinilaumu kwa kuchelewa.

Sasa nisikilize. Ulipewa kazi ya kujaribu programu, hukupewa kazi ya upelelezi. Cheti chako kile cha kompyuta kimekupanda kichwani tangu ulipokipata. Mimi sina cheti, lakini nina watu mia tatu na arobaini waliojiunga kutoka hapa mpaka mji wa Kumi, na hakuna hata mmoja aliyeniandikia barua ya kurasa mbili juu ya chunusi za mke wa imamu.

Unauliza ndiyo au hapana. Ukijiunga unasoma masharti, unakubali. Nani alikushika mkono? Enos anayeuza viatu hapa karibu na mnara wa saa alijiunga Januari na sasa hana pa kukaa kwa wingi wa wateja. Muulize yeye. Watu wanapenda zawadi, dada. Mtu akipewa sabuni bure kwa kubonyeza kidole, wewe unaumia nini?

Wakubwa wangu Kampala wanakitazama chama chenu. Kikiingia, vyama vingine vya Jinja vitafuata, hata wakulima wa Budondo. Kikikataa, ukanda huu atapewa mtu mwingine. Sitaki kuandikiwa mahubiri. Andika mistari mitatu: nimeijaribu, ni nzuri, tuendelee. Mimi ni mkubwa wako, na Baba alipokufa ni mimi niliyekulipia shule. Sipendi kulitaja jambo hilo, lakini unanilazimisha.

Jamiru

*

Nalufenya, Jinja
29 Mei 2025

Kaka Jamiru,

Salaam. Mvua imepungua. Shamim alikuwa na malaria, amepona. Baba mdogo sasa anatembea na fimbo na anaiita bunduki yake. Mke wa imamu amenisamehe, lakini msikitini haketi tena karibu nami.

Nilimpigia Enos. Ni kweli hana pa kukaa kwa wateja, maana duka lake limekuwa duka la simu tangu Machi na yeye ameajiriwa humo. Viatu alishaviacha. Hukujua, au ulidhani sitapiga?

Haya ndiyo niliyoyaona mpaka leo, na ndiyo nitakayoyaandika. Tuliweka tangazo moja la vikapu vya rangi, picha aliipiga Docus mwenyewe, nzuri sana. Kwa wiki tatu lilisambazwa mara elfu moja na mia tisa. Nilipoona hesabu hiyo nilifurahi, nakuambia kweli, nikawaambia akina mama wasuke zaidi. Waliokuja dukani ni wawili. Mmoja alinunua kikapu kidogo. Wa pili alikuwa anamtafuta daktari wa meno.

Nikauliza, hizo mara elfu moja na mia tisa zimekwenda wapi? Nikaenda kwa wanaosambaza, mmoja mmoja, niliowajua. Wanatumiana wao kwa wao. Huyu anamtumia yule, yule anamrudishia, wote wawili wanahesabiwa nyota. Picha hawaitazami. Waiswa wa bodaboda aliniambia bila aibu, "Dada, mimi hata sijui mnauza nini. Mimi nataka sukari." Kwa hiyo chama kinalipia vidole, hakilipii wateja. Na walio nje ya mchezo, yaani jamaa na majirani, wanachoka. Wakichoka wanaifungia namba ya mtu isiwaingilie tena.

Kuna jambo jingine. Programu ina jedwali la wanaoongoza kwa kusambaza. Wa kwanza katika mashariki yote anaitwa Malkia wa Mbale. Amesambaza mara elfu sita mia nne na kumi na mbili. Namba yake imefichwa, isipokuwa tarakimu tatu za mwisho: 417. Ni namba ninayoijua kwa moyo tangu nikiwa msichana wa shule. Mwenyewe anasoma Kurani vizuri lakini herufi za Kizungu hazijui. Nataka uniambie wewe, kwa mkono wako, ni nani aliyemwekea.

Habibah

*

Namakwekwe, Mbale
20 Juni 2025

Habibah,

Idi ya kuchinja imepita na hukuja. Tulichinja mbuzi wawili. Mama alikuwekea fungu lako kwenye friji ya jirani mpaka likaharibika. Kila gari likisimama alikuwa anachungulia. Alikupigia siku hiyo mara ngapi sijui, hukupatikana. Nikamwambia mwanao ana kazi nyingi, anahesabu makosa ya watu.

Mambo ya 417 sina la kusema. Hilo si jambo la chama.

La Enos sikujua. Basi.

Nimepata habari kuwa umemwonyesha Docus maandishi yako kabla ya kuniletea mimi. Kwa hiyo unanichongea kwa watu wa nje. Wewe ni yule yule wa zamani, uliyemwambia Baba kuwa nimeuza redio yake. Ulikuwa na miaka minane na ulikuwa tayari askari. Mimi sasa nina watoto watano na jina katika mji huu. Nikisimama mbele ya watu wananiita bwana meneja. Unataka waniite nini?

Ukiyasoma maandishi hayo kwenye mkutano, usikanyage kwangu tena. Ukitaka kumwona Mama, atatolewa nje akusalimie barabarani.

Jamiru

*

Nalufenya, Jinja
21 Julai 2025

Jamiru,

Sina salamu leo. Baba mdogo anajua, Shamim anajua, wote wanamwombea Mama.

Siku nne nilizokaa hospitalini Mbale hukuniuliza kitu wala mimi sikukuuliza, kwa sababu Mama alikuwa katikati yetu kitandani na nyonga yake imevunjika. Sasa niko kwangu na nitakuandikia nilichokikuta, maana najua hukuuliza mtu.

Jumanne tarehe nane uliondoka asubuhi kwenda Soroti kuwaandikisha watu. Mke wako alikuwa kazini, watoto shule. Saa nne Mama aliteleza mlangoni pa bafu akaanguka. Hakuweza kusimama. Simu ilikuwa mfukoni, akaitoa, akaanza kupiga. Alipiga akiwa amelala kwenye saruji yenye maji. Hakuna aliyepokea. Nyingine zililia mara moja zikakatika, nyingine hazikulia kabisa. Akapaza sauti mpaka ikakauka. Saa kumi jioni Nafuna, jirani yenu anayeuza maziwa, aliingia kuchukua chupa zake, akamkuta. Saa sita nzima, Jamiru. Mwanamke wa miaka sabini na moja.

Nafuna alinishika mkono nje ya wodi, akalia. Akasema, "Dada, alinipigia. Mimi sikujua. Namba yake nilishaifungia tangu mwezi wa tano. Kila siku sabuni, kila siku mafuta, mara nne, mara tano. Nilimwambia kaka yako, akacheka." Nikaenda nyumba kwa nyumba katika mtaa wenu. Mke wa fundi cherehani ameifungia. Mwalimu wa madrasa ameifungia. Yule mama wa Kikenya wa hoteli, Awuor, ambaye Mama alimlea mwanawe wa kwanza, ameifungia na sasa hawezi kuniangalia machoni. Nimehesabu kumi na mmoja. Mtaa mzima ulikuwa umemzibia masikio mama yako, na wote wanampenda.

Wewe ndiye uliyemwekea. Wewe ndiye uliyemwita Malkia. Ulihitaji mtu wa kwanza kwenye jedwali ili uwaonyeshe watu wa Soroti skrini na kuwaambia, tazameni, hata bibi kizee anaweza. Ukaona aliye karibu ni nani?

Haya yote nitayasoma kwenye mkutano wa chama, tarehe thelathini Agosti. Jina lako nitalitaja.

Habibah

*

Namakwekwe, Mbale
10 Agosti 2025

Habibah,

Mama ametoka hospitali wiki iliyopita. Amelala chumba cha mbele kwa sababu ndicho chenye hewa. Anakunywa uji, usiku analalamika mguu. Ninamgeuza mimi, mke wangu hana nguvu. Nimeacha kwenda Soroti.

Ndiyo, nilimwekea mimi. Umefurahi? Sasa nitakuambia ilivyokuwa, kwa sababu wewe huwa unajua namba lakini hujui watu. Tangu Baba afariki Mama anakaa peke yake mchana kutwa. Wewe unakuja Idi moja kwa mwaka, unaleta kanga, unaondoka. Nilipompa simu akaniuliza, "Nikibonyeza hapa inakwenda wapi?" Nikamwambia inakwenda kwa watu wako, unawasalimia. Akafurahi. Akawa anabonyeza. Zile nyota zikiwaka alikuwa anawaita watoto waje kuona. Nilifikiri hakuna anayeumia. Nafuna alipolalamika nilicheka, hilo ni kweli, na siku hizi Nafuna akipita mlangoni ninaingia ndani.

Kuna jambo hukuliandika. Umeandika Nafuna, umeandika fundi cherehani, umeandika Awuor. Umehesabu kumi na mmoja. Mimi nimeifungua simu ya Mama nikatazama alizopiga siku ile. Ya kwanza, saa nne na dakika kumi na mbili, ni kwako. Ya pili kwako. Ya tatu kwako. Ndipo akaanza majirani. Zako zote tatu hazikudumu hata sekunde moja. Mimi nauza programu hii, Habibah, najua simu iliyofungiwa inavyoonekana. Basi ni kumi na wawili.

Na kabla hujaniuliza: mimi alinipigia wa tano. Niliiona. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu arobaini na simu yangu ndiyo niliyokuwa nawaonyesha, jina lake likatokea juu kabisa, Mama, na watu wakacheka. Nikakata. Nikasema nitampigia baadaye.

Sasa soma hayo kwenye mkutano wako. Uone kama una koo la kuyasoma.

Jamiru

*

Nalufenya, Jinja
1 Septemba 2025

Kaka Jamiru,

Salaam. Shamim amefunga shule. Baba mdogo amelazwa siku mbili na ametoka, ni magoti yale yale. Barua yako niliipata tarehe kumi na tisa, nikakaa nayo.

Ni kweli. Niliifungia mwezi wa nne, siku chache baada ya kukuandikia barua ya kwanza. Nilikuwa na wateja foleni mpaka mlangoni, simu ikalia mara saba, zote matangazo, zote kutoka kwake. Nilijua ni namba yake. Nikaifungia kwenye simu yenyewe nikasema nitaifungua jioni. Jioni nikasahau. Kesho yake nikakumbuka, nikaona raha ya ukimya, nikaiacha. Ulipoandika kwamba anauliza mbona simu inakatika, nilisoma mstari huo nikauruka. Ulipoandika mara ya pili, nikauruka tena. Hospitalini niliifungua nikiwa nimesimama chooni, ili mtu asinione.

Mkutano ulikuwa juzi. Nilisoma yote. Nilisoma kwamba Peperusha inachukua kitabu cha namba cha mtu na kuzungumza kwa jina lake, kwamba inahesabu kusambaza na haihesabu kuuza, kwamba katika miezi mitatu tumeuza kikapu kimoja. Halafu nikasoma habari za mwanamke mmoja wa Mbale. Nilifika kwenye kumi na wawili nikasema wa kumi na wawili ni mimi, na mwanamke huyo ni mama yangu. Koo lilinigoma mara moja tu. Docus akasema, "Na kaka yako?" Nikasema naye alipigiwa, alikata. Nilisema nitakutaja, nimekutaja. Wanawake thelathini na mmoja walipiga kura ya kukataa, mmoja hakupiga. Watu wako wa Kampala wameandikiwa jana.

Usidhani nimekusamehe kwa sababu nami nina kosa. Langu nitalibeba mimi. Lako ni lako, na ulilifanya huku ukicheka.

Jumapili nilimpigia Mama. Alipokea upesi. Nikamwambia, Mama, ni mimi. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akasema, "Nimekusikia. Nilikuwa nakusalimia kila asubuhi na kila jioni, Habibah. Wengine nilikuwa nawaruka siku nyingine, wewe sikukuruka hata siku moja. Hukuitika. Nikajua umenuna, lakini sikujua nimekukosea nini." Nilitaka kumweleza ni sabuni, Mama, hazikuwa salamu. Nilishindwa. Nikamwambia nilikuwa naumwa. Umemdanganya wewe na sasa nimemdanganya mimi.

Nimetenga chumba. Jumamosi ya tarehe kumi na tatu nitakuja na gari kumchukua akae Jinja. Nimeshamwuliza, amekubali. Tafadhali usiwepo nyumbani.

Habibah

*

Namakwekwe, Mbale
9 Septemba 2025

Habibah,

Wakala mpya wa Peperusha ameshatajwa, ni kijana wa Tororo. Bwana meneja basi tena. Furahi.

Programu nimeifuta kwenye simu ya Mama. Aliniuliza nyota zake zimekwenda wapi, nikamwambia zimejaa. Na wewe usimweleze.

Nguo zake zimefungwa, na dawa zimo kwenye mfuko wa bluu. Unasema nisiwepo. Nitakuwepo. Sina neno la kukwambia na wewe usinisemeshe, lakini hutamtoa kitandani wewe na dereva. Upande wa kushoto hashikiki hata kidogo, anapiga kelele, na akibebwa lazima ashikwe shingoni kwanza ndipo miguu ifuate. Mimi ndiye ninayejua. Nitambeba mpaka kwenye gari, nitamlaza, nitafunga mlango, halafu nendeni.

Njoo mapema, kabla jua halijawa kali. Kiti cha nyuma kiwe wazi chote.

Jamiru